Kisanduku cha Njugu Kinachofika Kizima

Shule zikifungwa kuelekea mwisho wa Oktoba, watoto hukaa nyumbani hadi Januari, na hakuna mzazi wa Rongo wala Oyugis asiyejua jinsi wiki hizo zinavyokuwa ndefu. Kutengeneza visanduku vya vitafunio vya sikukuu ni kazi ya kuwashika kwa siku kadhaa, na ikiisha, nyanya, shangazi na jirani wanapata kitu mkononi. Ila ianzie mahali pake. Wengi huanza na karatasi za kumetameta na utepe mwekundu, kisanduku kikishapendeza ndipo wanauliza kitiwe nini. Wanatia mandazi. Kufikia jioni mafuta yamepenya hadi chini, na kesho yake mandazi yenyewe yamekauka. Anza na chakula. Kisanduku kitafuata.

Chakula cha kisanduku huku kwetu kina maadui watatu: joto, unyevu na sisimizi. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini mchana wa Desemba pale Mbita au Kendu Bay chokoleti huyeyuka kabla boda boda haijafika. Mvua za vuli nazo mara nyingi huwa hazijaisha, na sukari iliyoachwa wazi hunata. Kwa hiyo achana na keki yenye krimu, achana na chokoleti, achana na chochote chenye maziwa mabichi. Tia kitu kikavu: njugu karanga za kukaanga, kashata, vibiskuti vigumu, simsim iliyoshikanishwa kwa sukari, au kripsi za viazi vitamu.

Na vitu hivyo huhitaji kuviagiza Nairobi. Viazi vitamu vya Kabondo vinajulikana hadi soko la Gikomba, Nairobi. Njugu zinalimwa Ndhiwa, Uriri na Rongo. Miwa imejaa kuanzia Awendo, kwenye kiwanda cha sukari cha Sony, hadi Ndhiwa, na katikati yake kuna mitambo midogo inayokamua miwa na kuchemsha sukari nguru. Sukari nguru ndiyo ninayoipendekeza kwa kashata, kwa ladha yake na kwa rangi yake. Ukinunua vipande vingi kwa mpigo, mwenye duka anaweza kukutazama mara mbili, maana wapishi wa chang'aa ni wateja wake pia. Nenda na watoto, dhana itaisha yenyewe.

Njugu nunua kwa gorogoro. Gorogoro ya kilo mbili, kwa hesabu ya karatasi, inajaza visanduku vinane vya robo kilo. Panga sita. Hakuna mtoto aliyewahi kuchambua njugu bila kula.

Kuchambua ndiyo kazi ya kwanza, na hapa usilegeze kamba. Mwaga njugu kwenye ungo, mahali penye mwanga, watoto wakae kuuzunguka. Kila njugu iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye vumbi la ukungu inatoka. Waambie sababu bila kuwaficha: ukungu wa aina hiyo hutoa sumu inayoitwa aflatoksini, moto wa jikoni hauimalizi, na mwaka 2004 mahindi yaliyoingia sumu hiyo yaliua watu 125 katika maeneo ya Makueni na Kitui. Mtoto wa miaka sita akishaelezwa hivyo huchambua kuliko mtu mzima, na atakuonyesha njugu moja moja akiuliza kama hii nayo imeoza. Vumilia maswali. Zile mbovu zitupwe, wala kuku wasipewe.

Kukaanga, tumia sufuria nzito na chumvi ya mawe au mchanga safi uliochekechwa na kuoshwa. Mchanga husambaza moto, njugu zikaiva ndani kabla ganda halijaungua. Moto uwe mdogo, mwiko usitulie. Zikianza kulialia na ganda likatoka ukilisugua kwa vidole, epua, kwa sababu zitaendelea kuiva zikiwa nje ya moto. Chekecha mchanga utoke. Zikipoa, watoto wasugue maganda kwa viganja kisha wapepete nje ya nyumba. Nje, nasema, la sivyo utafagia maganda hadi Pasaka.

Kashata sasa. Kwa vikombe viwili vya njugu zilizomenywa, ikune sukari nguru hadi ujaze kikombe kimoja, tia maji robo kikombe, weka motoni. Ikishayeyuka tu, ichuje kwa kitambaa, kwa sababu sukari nguru ya mitambo midogo huwa na makapi ya muwa na wakati mwingine majivu. Irudishe motoni na kipande cha tangawizi au iliki iliyotwangwa. Usipime kwa saa. Chukua kikombe cha maji baridi, dondosha tone moja. Tone likitawanyika, bado. Likiwa laini kama ubani uliotafunwa, bado kidogo. Likigonga chini ya kikombe na ukilikunja likavunjika, mimina njugu zote, koroga haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta na ubapaze kwa chupa au mpini wa mwiko. Kata vipande kabla haijapoa, maana baadaye utahitaji nyundo.

Hatua hiyo ya sukari inayochemka ni ya mtu mzima peke yake. Uji wa moto huteleza kwenye ngozi, sukari hunata na kuendelea kuunguza. Watoto wakae upande wa pili wa meza wakikata karatasi za kufungia, na sinia lisiguswe hadi umeligusa wewe kwanza.

Halafu usiku mzima lipoe, limefunikwa kitambaa safi. Miguu ya meza itumbukize kwenye mikebe yenye maji na sisimizi watabaki ng'ambo. Kufunga kashata ikiwa na uvuguvugu ndiko kunakoharibu kazi nyingi: mvuke unakosa pa kwenda, kadibodi inalainika, vipande vinashikana vikawa tofali moja.

Wakati kashata inapoa, kisanduku.

Kwa mtoto mdogo kabisa, wa miaka minne au mitano, usihangaike na vipimo. Mfundishe kwanza kuviringa karatasi iwe pembe, ile ile ambayo wauza njugu wa stendi hutumia. Karatasi ya mstatili, kona moja ishikwe katikati ya upande mrefu, iviringwe, ncha ya chini ikunjwe ndani. Wauzaji hutumia daftari za zamani, wewe tumia karatasi safi, kwa kuwa wino na chakula chenye mafuta havifai kukutana. Pembe moja yenye vibiskuti vichache ni zawadi kamili kwa mwenzake wa jirani, na mtoto ameshafanya kitu peke yake kabla hajachoka.

Kwa wakubwa, karatasi ya manila ndiyo rahisi. Mzazi yeyote ambaye mwanawe amepita kwenye mtaala wa umilisi anaijua manila: ameitafuta saa mbili usiku katika duka la mwisho lililo wazi, kwa sababu mtoto amekumbuka kazi ya mwalimu akiwa tayari kitandani. Mabaki ya kazi hizo yako chini ya kabati. Yatoe.

Kata mraba wa sentimita 20 kwa 20. Piga mstari sentimita 5 kutoka kila upande. Sasa una mraba wa katikati wa sentimita 10, ambao ndio chini ya kisanduku, kuta nne za kimo cha sentimita 5, na vimraba vinne kwenye kona. Kila kimraba cha kona kikatwe upande mmoja tu, ule unaokigawa na ukuta wa pembeni, ili kibaki kimeshikilia upande wa pili kama ulimi. Watoto wengi hukata pande zote mbili na kona ikaanguka. Ikitokea, weka kipande cha karatasi na gundi kwa ndani, kazi iendelee.

Mfuniko ni mraba wa sentimita 16.4, mistari ikiwa sentimita 3 kutoka ukingoni. Katikati unabaki na sentimita 10.4. Hizo milimita nne ndizo zinazofanya mfuniko uingie bila kugombana na kisanduku. Ukitumia kadibodi ya katoni, ambayo ni nene, ongeza: mraba wa mfuniko uwe 16.8 au hata 17. Acha mtoto wa darasa la nne au la tano agundue mwenyewe kwa kujaribu mfuniko uliobana. Ataelewa hesabu ya vipimo kuliko kwa kuambiwa.

Hapa kuna jambo la pili lisiloruhusu ulegevu: mkunjo. Karatasi ikikunjwa hivi hivi kwa mkono, mkunjo unapinda, na kisanduku kizima kinakaa upande. Kwanza chora juu ya mstari kwa kalamu ya bolpeni iliyokwisha wino, ukiibana na rula, uache mfereji. Kisha kunja, kisha upitishe mgongo wa kijiko juu ya mkunjo. Mengine yote, rangi, michoro, utepe, mwachie mtoto hata yakienda mrama. Nyanya hatajali nyota yenye pembe saba. Kisanduku kilichoachama kona kitamwaga njugu ndani ya matatu, na hapo hakuna wa kukisifu.

Kadibodi ya katoni ina mishipa ndani. Ikunje kwa kuifuata na itakubali, ikunje kwa kuikata na itavunjika ovyo, basi panga mistari yako ukijua hivyo. Chagua pia katoni yenyewe kwa pua. Pakiti za majani ya chai, biskuti na nafaka ni nzuri. Katoni ya sabuni, hata ikikaa juani wiki nzima, itaipa kashata ladha ya kufulia. Makasi yenye ncha butu yanatosha kwa manila. Kwa kadibodi nene kata wewe, na wembe, ambao watoto wetu wamezoea kuuchongea penseli, uufiche kabisa siku hiyo.

Gundi ya dukani ni sawa, lakini ya nyumbani ni mchezo wenyewe. Kijiko kikubwa cha unga wa ngano au wa muhogo, koroga na maji baridi hadi kusiwe na madonge, ongeza maji ya moto nusu kikombe, chemsha ukikoroga hadi ing'ae. Ya muhogo hutoka angavu zaidi. Ipakwe nyembamba kwa kidole. Ikipakwa nene haikauki, huota ukungu na kuita mende. Bana kona kwa vibanio vya nguo mpaka zishike, na gundi iliyobaki itupe kesho yake.

Ndani ya kisanduku lazima pawe na kizuizi, kwa sababu njugu zina mafuta na hewa ya ziwani ina maji. Karatasi ya kuokea inatosha kwa siku mbili tatu. Kwa safari ndefu zaidi kuna pakiti za maziwa yanayodumu, zile ambazo ndani zina rangi ya fedha: zipasue, zioshe kwa sabuni na maji baridi hadi harufu iishe, zikauke, uzilaze chini na kuzunguka kuta, kisha karatasi ya kuokea juu yake. Mifuko ya plastiki usiitafute. Imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, na hata bila marufuku hiyo, kashata ndani ya plastiki hutoa jasho.

Upande wa nje, karatasi ya kaki. Kila nyumba yenye mwanafunzi itainunua Januari kufunikia vitabu, basi inunue mwezi mmoja mapema. Rangi yake ya kahawia inapokea muhuri vizuri kuliko karatasi nyeupe. Muhuri ni kiazi kitamu kilichokatwa nusu: wewe uchonge, mtoto apige. Kifute kwanza kwa kitambaa, maana maji ya kiazi huchafua rangi. Manjano ya jikoni iliyokorogwa na gundi kidogo inatoa njano kali, mkaa uliosagwa unatoa nyeusi.

Michoro ya kuiga ipo karibu. Kisiwani Mfangano, kwenye majabali ya Mawanga na Kwitone, kuna picha za kale za miduara ndani ya miduara, kwa rangi nyekundu na nyeupe, zinazohusishwa na Watwa, wawindaji waliokaa huko kabla ya Wasuba. Mduara ndani ya mduara ndio muhuri rahisi kuliko yote kuchonga, na mtoto anayeupiga mara ishirini kwenye kaki anajua unatoka wapi. Upande wa Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo, zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018. Vimuhuri vidogo visivyolingana, vikipigwa kwa kubanana, vinatoa ukuta huo huo. Hivyo ni vizuri zaidi kuliko miti ya misonobari yenye theluji, ambayo mtoto wa Muhuru Bay ameiona kwenye kadi tu.

Kuna sababu nyingine ya kuacha miti hiyo. Si kila mlango huku unasherehekea tarehe 25 Desemba kwa namna moja. Wasabato walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na katika familia nyingi za kanisa hilo Krismasi hupita kimyakimya. Waislamu wa Kendu Bay na wa mjini Migori wana Idi yao. Kisanduku chenye miduara na neno la kawaida la salamu kinaingia nyumba zote hizo bila mtoto kulazimika kuanza upya.

Kufungia, kamba ya katani inatosha. Fundi cherehani naye atakupa vipande vya kitenge bure ukimwomba kabla ya wiki ya mwisho, anapokuwa hajazidiwa na sare na magauni. Watoto wa ufukweni wanaweza kusuka mkanda wa gugumaji lililokauka. Bua likatwe refu, lianikwe hadi liwe kahawia na jepesi, lichanwe nyuzi tatu, linyunyiziwe maji kidogo ili lisikatike, lisukwe kama nywele. Likisukwa likiwa bado bichi litaoza juu ya zawadi. Wala usiwatume watoto ziwani kulikata. Penye gugumaji pana kichocho, nyoka, na sehemu nyingine viboko. Mwombe mvuvi mtu mzima akuletee mafungu mawili.

Kabla ya kujaza, waulize watoto kila kisanduku ni cha nani, waandike jina chini yake kwa penseli. Swali hilo linaamua kinachoingia. Babu mwenye kisukari apewe njugu za kukaanga tupu, bila kashata, na kisanduku chake kipambwe kuliko vyote asijione ametengwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima, maana humpalia na kumziba pumzi. Mpe vibiskuti au simsim. Kwa nyumba usiyoijua vizuri, uliza kama kuna mtu anayedhurika na njugu, kisha andika kwenye mfuniko kwamba ndani mna njugu. Mjomba wa Nairobi, yeye hataki kashata, anataka omena. Mpe, lakini kwenye mkebe wake na katoni yake. Kisanduku cha karatasi kilicholala usiku mmoja karibu na omena hakirudi tena kwenye peremende.

Kujaza, laza vipande vya kashata kimoja kimoja, karatasi ya kuokea kati ya safu na safu, nafasi zinazobaki uzizibe kwa njugu. Kisanduku kisichojaa hucheza, na kashata inayocheza hufika unga. Kitikise karibu na sikio. Kikilia, ongeza. Andika tarehe ya kutengenezwa, ambayo mtoto aichore kama pambo, na mwambie mpokeaji ale ndani ya majuma mawili.

Cha jirani kipelekwe na mtoto mwenyewe, kwa mikono miwili, asubiri kisanduku kipokelewe ndipo akimbie. Cha mbali kina utaratibu wake. Panga visanduku ndani ya katoni ngumu, vilivyo vizito chini, magazeti yaliyofinyangwa yajaze pembe, katoni isikae chini ya kiti karibu na injini. Kama ni ya Mbita au Rusinga na inapitia Homa Bay, ipeleke stendi asubuhi kabla ya jua kukolea, na iepushe na siku tatu za mwisho kabla ya Krismasi, magari yanapojaa mabegi ya waliotoka Nairobi na kila kitu kukaliwa. Andika jina na nambari ya simu ya mpokeaji pande mbili za katoni kwa kalamu isiyofutika na maji, piga picha ya namba ya gari, umtumie mpokeaji pamoja na simu ya kondakta. Halafu mpigie kondakta gari likifika Rongo. Hapo ndipo abiria wengi hushuka na mizigo hushuka nao, na katoni yenye harufu ya iliki haikosi wa kuidai.